Ijumaa Tunafunga

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi mmoja kijana, jirani na ninapoishi. Akalala chali, akachungulia magurudumu ya nyuma, akatoka na maji ya breki yamemchuruzika mpaka kiwikoni. "Mama," akaniambia, "hizi dramu tunatoa. Ijumaa tunafunga diski." Nilitaka kumjibu kama mteja anavyomjibu fundi. Lakini harufu ya maji ya breki, ambayo ni tamu kidogo na kali kidogo, iliniingia puani, na lile neno "tunafunga" likaniingia sikioni, nikajikuta nacheka peke yangu mpaka kijana wa watu akauliza kama amesema vibaya. Hakusema vibaya. Alisema kama marehemu baba yangu alivyosema, neno kwa neno, ila baba hakuwa na dramu. Baba alisema ngoma. Na kwa maneno hayo mawili, ngoma na kufunga, nilikaribia kuibomoa nyumba yetu.

Tulikaa Bagamoyo, mji mkongwe, katika nyumba ya urithi ya upande wa baba. Wazee wake walikuwa wafanyabiashara wa nazi na chumvi. Yeye alipenda vyuma. Uani kwetu, pale ambapo nyumba nyingine zilikuwa na banda la kuku, sisi tulikuwa na magari mawili matatu yaliyopandishwa juu ya mawe. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na kabla sijajua jedwali la kuzidisha nilijua spana kwa namba zake. Baba akiwa chini ya gari alinyoosha mkono tu, bila kusema, nami nilimtilia kiganjani kile alichokitaka. "Huyu ndiye mkono wangu wa tatu," aliwaambia wateja. Nilikuwa nalala na sentensi hiyo kama mtoto mwingine anavyolala na mwanasesere.

Mama alikuwa mpishi wa shughuli. Kukiwa na harusi au maulidi Makurunge, Fukayosi au huku mjini, ndiye aliyeitwa. Alikuwa na gari lake, la rangi ya bluu, lenye mgongo mrefu, na huko nyuma alipakia masufuria makubwa kuliko mimi. Breki zake za nyuma zilikuwa za ngoma. Ngoma ya breki ni kama chungu cha chuma kilichofunikwa. Ndani mna viatu viwili, ukikanyaga pedali vinatanuka na kusugua ukuta wa chungu. Maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka, na viatu vikilowa vinateleza. Diski ni sahani iliyo wazi, inabanwa na pedi huku na huku, na maji hayapati pa kujificha. Mama alikuwa anavuka madimbwi ya Makurunge akiwa na pilau la watu mia nyuma yake, kisha anafika kwenye mteremko na kukanyaga pedali mara tatu, mara nne, huku anasoma dua. Alikuwa anamlalamikia baba. Baba alikuwa akijibu jibu lile lile: "Nitakufungia diski, mke wangu. Nikipata seti nzima kutoka gari lililoanguka, la aina hii hii, nitakufungia. Bado hazijapatikana."

Ndipo masika moja baba akaanza kwenda Kerege.

Kerege kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Saumu, ambaye marehemu mumewe alikuwa dereva na alimwachia gari. Badala ya kuliuza, alijifunza kuendesha, akawa anawachukua watoto wa majirani kila asubuhi kutoka vijumba vya ndani, kule bondeni, na kuwapeleka shule barabarani. Gari lake lilikuwa pacha la gari la mama. Lilikuwa na mgongo mrefu ule ule na taa zile zile, isipokuwa lake lilikuwa jeupe. Hilo peke yake lilinikera. Sikujua kwamba gari linaweza kuwa na pacha, na kwamba pacha huyo anaweza kuwa msafi zaidi.

Kila Jumanne baba alipanda pikipiki yake na sanduku la spana, akaenda. Akirudi, alikuwa na habari za Saumu. Saumu alikuwa binti wa mjane huyo, amenizidi mwaka mmoja. "Yule mtoto ana akili ya ajabu," baba alimwambia mama wakati anakula. "Nimemwonyesha mara moja tu mfumo wa breki, leo kanitajia wote, tangu pedali mpaka gurudumu. Ana utulivu. Ukimwambia shikilia, anashikilia." Mama alisema, "Mashaallah," akaendelea kukuna nazi. Mimi nilikaa mbele ya sahani yangu, nausukuma wali huku na huku. Kwani mimi sikuujua mfumo wa breki? Nani aliwahi kuniuliza niutaje?

Nikang'ang'ania siku moja twende wote. Shule zilikuwa zimefungwa, mama akasema nipelekwe, nipungue uani. Tulipofika nilimwamkia Mama Saumu, "Shikamoo," akaniitikia marahaba na kunishika kichwa, akasema nimefanana na baba yangu mdomo. Alikuwa mwembamba, mrefu, kanga zake zimepigwa pasi. Gari lake lilinukia udi. Kwetu gari lilinukia vitunguu.

Saumu alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha dereva. Baba alikuwa anatoa upepo kwenye breki, kazi ambayo inataka watu wawili. Mmoja anakuwa ndani, anapiga pedali mara kadhaa kisha anaishikilia chini, na mwingine yuko kwenye gurudumu, anafungua nati ndogo ili hewa itoke pamoja na maji ya breki. Baba alikuwa anaita, "Piga! Piga! Shikilia!" na Saumu anaitikia, "Nimeshikilia!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, haina wasiwasi. Wakarudia mara nyingi, piga, piga, shikilia, nimeshikilia, mpaka ikawa kama wanaimba. Kazi hiyo nyumbani baba alifanya na mafundi wenzake. Mimi sikuwahi kuketi kwenye kiti kile. "Miguu yako bado mifupi," aliniambia siku zote. Nikaitazama miguu ya Saumu. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kiti, ameweka mto wa sufi mgongoni. Mto! Kumbe ilihitaji mto tu.

Alipomaliza akateremka, akaniambia, "Na wewe utapenda kujaribu?" Nikamwambia sipendi michezo ya kitoto. Akasema, "Haya," bila kukasirika, na kutokasirika kwake ndiko kulikonichoma zaidi.

Mama Saumu akatuandalia mihogo ya nazi na chai. Baba alikula, akacheka. Sikumbuki alichekea nini. Nakumbuka tu kwamba alicheka huku ameinua kichwa, kama alivyocheka kwetu zamani, nami nikahesabu: huku amecheka mara tatu, nyumbani wiki nzima hajacheka hata mara moja. Tuliporudi mama aliniuliza, "Wanaishije?" Nikasema, "Wanaishi vizuri kuliko sisi." Alinitazama kidogo, kisha akageukia moto wake.

Baada ya hapo sikwenda tena, na sikuitwa.

Jumatano moja alasiri baba alikuwa ananawa mikono uani kwa sabuni ya unga na mchanga, simu ameibana kati ya sikio na bega. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba ya nguo, naanua shuka. Hakuniona. Nikasikia upande wake wa mazungumzo tu.

"Ndiyo, Mama Saumu. Ijumaa tunafunga, inshallah. Asubuhi nitakuwa na maandalizi, baada ya swala tunafunga." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hapana, ngoma hatutaki tena. Ngoma zote tunaondoa. Tumekwisha choshwa na ngoma." Akacheka. "Si mpya, zimetumika, lakini nzuri sana, utazipenda. Nimezileta jana kutoka Dar." Akasikiliza tena. Kisha akashusha sauti. "Nyumbani? Nyumbani bado sijasema. Mama Mwajabu nitamweleza mwenyewe, taratibu. Lakini Saumu awepo, bila yeye haiwezekani."

Mwajabu ndiye mimi.

Nilisimama na shuka mikononi. Harusi za pwani hufungwa Ijumaa baada ya swala, nani asiyejua? Harusi ya ngoma ni ya msichana, mjane hufungishwa kimya kimya, bila ngoma. Hilo nililisikia jikoni kwa mama kila siku. Zilizotumika zilikuwa samani, kitanda na kabati, kutoka Dar. Na Saumu lazima awepo kwa sababu ndiye atakuwa mtoto wake. Yote yaliingiana kama nati na bolti. Mimi ni binti wa fundi, niliyeijua ngoma ya breki kabla ya kuijua ngoma ya unyago, na sikukumbuka hata kidogo kwamba breki nazo zina ngoma. Sasa najua kwa nini. Mtu mwenye wivu hasikilizi maneno ili ayaelewe. Anayasikiliza ili yamthibitishie.

Nililala na siri hiyo usiku mmoja tu. Kesho yake, Alhamisi, baba alipotoka, nilimkuta mama amekaa kwenye kibao na ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwambia yote, na lililokuwa halitoshi nililijazia. Nilisema baba amesema amechoka na nyumba hii. Hakulisema hilo. Nilitaka mama alie, ili nami nipate ruhusa ya kulia.

Mama hakulia. Vidole vyake havikusimama. Alitoa punje ya mpunga, akaitupa, akatoa jiwe, akalitupa. Alipomaliza ungo mzima ndipo akauliza, "Kasema Ijumaa?"

"Ijumaa, baada ya swala."

"Haya."

Hilo tu. Nilipokuwa mtoto nilidhani ule ni ujasiri. Leo nimeolewa, nina miaka karibu na aliyokuwa nayo yeye, na ninachokikumbuka ni kwamba hakuniuliza nimesikia vipi, wala nina hakika gani. Hakumpigia mumewe simu. Aliamini papo hapo, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiisubiri. Kumbe wivu wangu ulikuwa mchanga mno. Chini ya paa lile lile ulikuwepo mwingine, mkubwa, uliokuwa umetulia kwa miaka.

Ijumaa baba akaondoka mapema na pikipiki, amevaa kanzu safi, nguo za kazi zimo ndani ya mfuko. Mama akawasha moto. Akapika pilau, sufuria ya wastani, akaweka kila kitu alichowawekea watu wenye harusi kubwa. Nilimuuliza la nini. "Harusi haiendewi mikono mitupu," akasema. Akaoga. Akajifukiza udi, akavaa doti mpya ya kanga iliyokuwa haijapata kuvaliwa, juu yake baibui la kutokea, akapaka wanja, akachomeka kikuba kwenye nywele mpaka chumba kizima kikanukia rihani na asumini. Sijapata kumwona mama mzuri kama siku ile. Nikaelewa, kwa akili yangu ya utoto, kwamba mke mwenza lazima akukute umependeza. Nami nikataka kuvaa gauni la Idi. Akanivika mwenyewe.

Tukapakia sufuria, tukashika barabara ya Kerege. Njiani mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na maji yalikuwa yamekaa kwenye mabonde ya barabara. Tulipita la kwanza, la pili. Baada ya la tatu ng'ombe watano wakajitokeza kwenye majani, mchungaji yuko nyuma yao mbali. Mama akakanyaga breki. Gari halikusimama. Akakanyaga tena, na tena, akavuta hendibreki kwa mikono miwili, sufuria likanguruma nyuma na kugonga kiti changu. Tulisimama ng'ombe wa mwisho ameweka pua juu ya boneti. Alitutazama kwa muda, akaenda zake. Mama akaiachia hendibreki. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuipenda, "Miaka mitatu namwomba diski."

Tulipofika kwa Mama Saumu hapakuwa na mikeka, wala shehe, wala viatu vya wageni mlangoni. Palikuwa na gari jeupe juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yamefunguliwa, na miguu ya baba imetokeza upande mmoja. Kanzu yake ilikuwa imetundikwa kwenye mpapai. Kwenye kiti cha dereva alikuwepo Saumu na mto wake.

"Piga! Piga! Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

Mama alisimama na sufuria la pilau mikononi. Mama Saumu akatoka ndani, uso umejaa tabasamu. "Assalamu alaykum, Mama Mwajabu! Karibu, karibu sana. Leo tumepata ugeni!"

"Waalaykumu salaam," mama akajibu. "Nimekuja harusini."

"Harusi ya nani tena, dada yangu?"

"Yako wewe na mume wangu. Nimeambiwa mnafunga leo baada ya swala. Nimeleta pilau."

Majirani wawili waliokuwa wanasuka nywele barazani waliacha kusuka. Chini ya gari kulisikika kishindo, kichwa kimegonga chuma, na baba akajiburura kutoka nje, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Mama Mwajabu? Una nini? Nani anaoa?"

"Muulize mwanao."

Wote wakanitazama. Gauni la Idi likanibana. Nikasema, na sauti ilikuwa haifiki mbali, "Ulisema kwenye simu. Ijumaa tunafunga. Ngoma hamtaki."

Baba alinitazama, akalitazama gurudumu, akanitazama tena. Kisha akaanza kucheka, akashika mbavu, akajiegemeza kwenye gari. "Ngoma! Ngoma za breki, Mwajabu! Tunatoa ngoma, tunafunga diski! Wewe? Wewe mtoto wa fundi?" Wale wasusi wakacheka. Saumu alicheka kidogo, akajizuia. Hata Mama Saumu alijifunika mdomo kwa ukingo wa kanga.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka sufuria chini, na amesogea mpaka kwenye gurudumu la nyuma. Akainama. Pale palipokuwa na chungu cheusi cha chuma pamekaa sahani, imesuguliwa ikang'aa, na kalipa, kile kibano cha pedi, imeikumbatia. Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Kumbe zimepatikana," akasema.

Baba akaacha kucheka.

Nilisikia maji ya breki yanadondoka ndani ya chupa. Mama Saumu aliwatazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake unaelewa kidogo kidogo. "Fundi," akasema, "hizi zilikuwa za nani?"

Baba akachukua kitambaa, akaanza kufuta spana.

"Nimekuuliza, Fundi. Hizi diski ulimwahidi nani?"

"Mke wangu," baba akasema.

"Nawe hukuniambia." Mama Saumu aliipandisha kanga yake begani. "Zitoe. Zitoe sasa hivi, nirudishie ngoma zangu. Mimi napakia watoto saba wa watu. Siwezi kuwapakia juu ya kitu ambacho mwenzangu ana kinyongo nacho."

"Mama Saumu, sikiliza..."

"Zitoe."

Mama yangu hakuwa amegeuka. Akauliza huku bado analitazama gurudumu, "Ilitokea nini hata akakupa?"

Aliyejibu alikuwa Saumu, kutoka dirishani. "Masika hii, shangazi, tulitoka bondeni, breki zimelowa. Gari likarudi nyuma kilimani, halishiki. Mama akaligeuza likaegemea kichuguu. Watoto wote walikuwa ndani. Mdogo wao ana miaka minne." Akaongeza, "Baba Mwajabu ndiye aliyekuja kututoa."

Baba hakuwa ametusimulia hayo. Mama akasimama wima, akamgeukia. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utasema hapana."

"Ningesema hapana," mama akasema. "Siku ya kwanza ningesema hapana. Siku ya pili ningesema hapana. Siku ya tatu ningekuletea hizo spana mwenyewe hapa. Wewe ukaninyima siku zangu tatu."

Baba aliinamisha kichwa, kichwa chake kikubwa chenye grisi, kama mwanafunzi.

"Sema neno, dada," Mama Saumu akasema. "Uridhie au zitolewe. Sitakulaumu kwa lolote."

Mama akalitazama tena gurudumu. Nilijua anawaza wale ng'ombe. "Nimeridhia," akasema mwishoni. "Nimeridhia kwa ulimi. Moyo utafuata, una mwendo wa kobe." Mama Saumu akamshika mikono yote miwili, na mama akamwachia, ijapokuwa hakutabasamu.

Ningependa kuandika kwamba na mimi niliridhia. Saumu aliteremka kwenye kiti, akaja akanishika mkono mbele za watu. "Umebaki upande mmoja," akaniambia. "Kaupigie wewe." Baba akatikisa kichwa kukubali. Nikapanda. Nilikaa kwenye kiti kile nilichokiota, mto mgongoni, mikono juu ya usukani. Mguu wangu ukafika kwenye pedali bila taabu. "Piga!" Nikapiga. "Piga!" Nikapiga. "Shikilia!" Nikashikilia, nikapaza sauti kuliko Saumu, "Nimeshikilia!"

Baba alifungua nati, na pedali ikazama chini ya mguu wangu. Sikujua kwamba inazama. Miezi yote ile nilikuwa nasikia maneno ya kazi hiyo, sikuwahi kuisikia kwa mguu. Nilidhani nimevunja gari la watu, nikaondoa mguu haraka. Nikasikia mfumo unavuta hewa, sauti ya kunyonya, kama mtu anayemaliza maji ya dafu kwa mrija.

"Aah," baba akasema chini. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. "Imerudi hewa. Si kitu. Mwajabu, mpishe Saumu amalizie. Gari la watoto hili, mama."

Nikampisha. Alikuwa na haki, na kwa kuwa alikuwa na haki sikuwa na pa kuipeleka hasira yangu. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi na gauni langu la Idi. Wakaanza upya, piga, piga, shikilia, nimeshikilia, na kila "nimeshikilia" ilikuwa kama inasemwa kwa ajili yangu. Nimewahi kuona wivu mwingine baadaye maishani, wa kazi, wa mapenzi, lakini hakuna uliofikia ule wa ngazini. Pilau lilipopakuliwa nilikula nyama peke yake, nikauacha wali.

Jua lilipoanza kupoa magurudumu yakarudishwa, gari likateremshwa. Mama Saumu aliendesha, baba pembeni yake, wakaingia bondeni ndani ya maji makusudi, wakapanda kilima. Katikati ya kilima akasimama. Tulikuwa tumesimama juu, mama na mimi na Saumu, tunatazama. Gari halikurudi nyuma hata kidole kimoja. Saumu aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu masika. Nilimtazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikafikiri kwamba labda hakuwa mtulivu kwa kuzaliwa.

Tulirudi nyumbani sote watatu, mama anaendesha taratibu sana, pikipiki imeachwa Kerege. Baba alikaa nyuma na sufuria tupu mapajani, kanzu imekunjwa juu yake. Tulipopita mabonde ya barabara akasema, "Nitakutafutia nyingine. Wallahi nitakutafutia."

"Usiniahidi," mama akasema. "Sitaki ahadi. Ukitoka asubuhi, niambie unakwenda wapi, kwa nani, kufanya nini. Basi."

"Basi?"

"Basi. Mengine nitayabeba."

Usiku ule nilimwambia mama kwamba maneno ya baba kuchoka na nyumba nilitunga. Akasema alijua. Sikuthubutu kumuuliza, kama alijua hilo, kwa nini aliamini yale mengine.

Seti ya pili haikupatikana kamwe, na gari la bluu liliuzwa likiwa na ngoma zake. Saumu na mimi hatukuwa marafiki, sitasema uongo. Tunaamkiana Idi kwa simu, ameolewa Tanga, na bado akinipigia kuna kitu kifuani kinasimama kwanza kabla hakijakaa. Lakini tangu kesho yake, Jumamosi, baba hakutoka mlangoni bila kusimama mbele ya jiko. "Naenda Makurunge, kwa mwenye trekta, klachi." "Naenda sokoni, kununua betri, narudi." Mama anajibu, "Haya, nimesikia," wakati mwingine bila kuinua macho. Nilidhani ataacha baada ya mwezi. Hakuacha. Alisema akiwa na afya, akasema alipoanza kutembea na mkongojo, akasema alipokuwa hatoki kitandani: "Leo sina safari, Mama Mwajabu. Nipo." Naye: "Haya, nimesikia."

Asubuhi ya mwisho ulimi wa baba ulikuwa umekwisha kuwa mzito. Nilikuwa nimekuja kuuguza, nimekaa upande wa miguu. Mama aliingia na maji ya udhu, akasimama mahali pake, akangoja. Nilifikiri kungoja kwake ni kwa bure. Baba alihangaika kidogo na mdomo, haukutii. Basi akainua kidole kimoja, polepole, akaelekeza kitandani, pale pale alipolala.

"Haya," mama akamwambia. "Nimesikia."